Miaka saba niliitikia nisichokisikia. Tunaopoteza usikivu, karibuni tuzungumze

Msagaji Chang'ombe:

Wakuu, habari za jioni. Kwa wa nyumbani, mbukwenyi.

Uzi huu ni mrefu, nimeuandika jioni tatu baada ya kufunga mashine. Nina miaka 54, naishi Chang'ombe hapa Dodoma, na kwa miaka 22 kazi yangu ni kusaga na kukoboa: mtama, uwele, mahindi, makopa ya muhogo. Sisikii vizuri masikio yote mawili. La kulia ni baya zaidi, maana ndilo lililokaa upande wa mota miaka yote hiyo.

Naanza na jambo ambalo hata mimi sikulielewa. Ukipoteza usikivu si lazima dunia iwe kimya. Mimi sauti nilikuwa nazisikia. Lori likipita nasikia, jogoo nasikia, adhana nasikia. Nilichokikosa ni maneno. Mke wangu akiongea najua anaongea, tena najua kabisa kama amekasirika, lakini alichosema sikijui. Ndiyo maana kwa muda mrefu niliamini kosa ni lao, kwamba watu siku hizi wanamung'unya maneno.

Basi nikaanza kuitikia. Mtu akisema jambo likanipita, natikisa kichwa: sawa, ndiyo, haya bwana. Wakicheka nacheka. Mtu akinyamaza akanitazama, najua ameniuliza swali, hapo najifanya nimeitwa upande wa pili. Hii ni kazi ngumu jamani. Jioni nilikuwa nachoka kuliko vijana wanaobeba magunia, na sikujua kwa nini. Nikaacha vikao vya mtaa. Nikaacha kukaa na wazee wenzangu kwenye kahawa. Kwenye msiba nilikuwa nakaa mbali na watu ili nisiulizwe kitu.

Bei ndizo zilikuwa mtihani wa kila siku. Yatazameni maneno haya mawili: sita, tisa. Irabu ni zile zile, i na a, na konsonanti ni zile zile zimebadilishana nafasi tu. Sitini na tisini vivyo hivyo. Mtu ambaye s na t zimemtoka anabaki na "i-a" mkononi na anatakiwa akisie. Nimewarudishia watu chenji isiyo sawa mara nyingi sana, na wapo walioacha kuleta mzigo kwangu wakiamini nawaibia. Sikuwaambia ukweli, kwa sababu niliona afadhali nionekane mkali kuliko nionekane kiziwi.

Sasa niwaambie kilichonivunja. Nina nusu eka ya zabibu Mpunguzi, niliachiwa na baba. Mwaka 2019, mavuno ya Agosti, mpwa wangu anayeliangalia shamba alinipigia simu akiwa njiani kwenda msibani Mpwapwa. Alisema: mjomba, mnunuzi hatakuja Jumamosi. Mimi nikasikia: mnunuzi atakuja Jumamosi. Nikamjibu sawa, nimekuelewa.

Ijumaa nikatafuta vibarua. Jumamosi alfajiri tukakata, tukajaza kreti, tukazipanga kivulini tukingoja lori. Zabibu ikishakatwa haingoji mtu. Saa sita jua la Dodoma likawa juu, kivuli kikasogea, nyuki wakajaa. Saa tisa mpwa wangu akafika na bodaboda ametoka msibani, akaona kreti, akashika kichwa. "Mjomba, si nilikuambia hatakuja?" Nikamgeuzia kibao mbele ya vibarua wote. Nikasema wewe kijana umeniambia atakuja, unanitia hasara halafu unanikana. Yule mtoto alinyamaza. Akaanza kupakia kreti kwenye toroli ili tuuze rejareja kwenye barabara ya Iringa, na hakunijibu neno.

Hasara ya zabibu nilishaisamehe. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilimfanya mwongo mtu mkweli, na ndani ya moyo wangu, hata wakati nafoka, nilikuwa najua kuwa huenda sikusikia.

Mwezi uliofuata nikaenda kupima. Wanakuweka kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, unavaa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Nilikaa humo nikiwa nimeshika kitufe na niliona kimya kirefu mno kati ya mlio na mlio. Baadaye mtaalamu akanionyesha mchoro. Alama ya duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto. Upande wa kushoto wa karatasi ni sauti nzito, upande wa kulia ni sauti nyembamba. Mstari wangu unaanza tambarare kama mbuga ya Bahi, halafu ghafla unaporomoka. Akanieleza kwamba irabu zote ziko kule kwenye tambarare, tena zina nguvu. S, f, t, k, ch na wenzao ziko kule kulikoporomoka. Na ile h ya "hatakuja" ni pumzi tu, kwenye simu ndiyo kabisa haipo.

Nilifikiria hilo njia nzima. Lugha yetu inaweka kukubali na kukataa pale mwanzoni kabisa mwa neno. Atakuja, hatakuja. Amelipa, hajalipa. Kisauti kikidondoka, maana inapinduka juu chini, na wewe huna hata dalili kwamba kuna kitu kimedondoka.

Siku ile ile nilimfuata mpwa wangu nikamwomba radhi, na nikamweleza. Halafu nikaandika kibao kwa mkaa kwenye ubao wa boksi, baadaye nikampa fundi akakiandika vizuri kwa rangi. Kipo mlangoni mashineni: MWENYE MASHINE HASIKII VIZURI. MGUSE BEGA, MTAZAME USONI. BEI IKO UBAONI. Wiki ya kwanza nilitamani kukishusha kila nilipomwona mtu anakisoma. Wiki ya tatu mama mmoja aliyekuwa ameacha kuja alisimama pale, akasoma, akaingia na debe lake la mtama, akanigusa bega. Hakusema lolote kuhusu chenji ya zamani, wala mimi.

Nataka tuongee hapa wale ambao bado wanaitikia. Na wanaoishi na watu kama sisi pia waseme, hata kama ni malalamiko.

Shemeji wa Kizota:

Pole sana mkuu. Nimesoma yote. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo miaka kumi ya mwisho na sisi watoto tulikuwa tunasema "bibi anasikia anachotaka kusikia". Sasa ndiyo naelewa kwamba alikuwa anasikia sauti nzito za wajukuu wa kiume na hasikii za sisi mabinti. Naumia.

Nesi wa Zamu:

Uzi wa maana sana huu. Mimi ni muuguzi hapa mkoani, naomba niongeze ya upande wa hospitali.

Msijione mko wachache. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 430 duniani wanaohitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na kila tarehe 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani. Siku hiyo vituo vingine hupima watu kwa wingi, ulizeni mlipo.

Kabla hujajihukumu kwamba masikio yamekufa, kaangaliwe ndani. Wapo wanaokuja na huzuni kubwa, kumbe ni nta imeganda. Tunaitoa, mtu anaondoka anatabasamu. Lakini nta isitolewe na njiti ya kiberiti, kalamu, wala pamba ya kijiti, maana unaisukuma ndani na unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Na naomba kwa moyo wangu wote, msimwagie mtoto mafuta ya moto, maji ya kitunguu wala mkojo sikioni. Mtoto anayetoka usaha sikioni, usiseme "utaacha akikua". Anaumwa, na kila mwezi unaopita sikio linazidi kuharibika.

Dawa nazo. Zipo sindano zinazookoa maisha lakini zinaweza kuumiza sikio la ndani: gentamaisini, streptomaisini, kanamaisini. Waliotibiwa kifua kikuu sugu miaka ya nyuma wanazijua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe. Usiache dawa mwenyewe, ila masikio yakianza kulia "nziii" ukiwa kwenye sindano, sema siku hiyo hiyo. Mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu hata kama anaonekana mzima.

Moja la mwisho: ukiamka sikio moja limezima ghafla, au likazima ndani ya siku mbili tatu, hiyo ni dharura. Usisubiri mwisho wa mwezi. Dawa zake zinasaidia zikianzwa mapema.

Fundi Geti Nkuhungu:

Mkuu mimi nachomelea mageti na madirisha, grenda kutwa nzima. Jioni masikio yanalia lakini asubuhi yanakuwa sawa. Hiyo si inamaanisha yanapona?

Msagaji Chang'ombe:

Fundi, mimi nilijiambia hivyo hivyo miaka kumi. Yananyamaza, lakini hayarudi yote. Kile kinywele kidogo cha ndani ya sikio kikifa hakioti tena.

Nilivyofundishwa ni hivi. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaweza kukaa nayo saa nane kwa siku. Ikiongezeka desibeli tatu tu, muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Ikifika 100 ni robo saa. Mashine yangu inapita 90 bila shida, na grenda yako ndiyo usiseme. Kipimo cha bure: kama mtu aliyesimama urefu wa mkono wako inabidi umpigie kelele ndiyo asikie, hapo masikio yako yanaliwa.

Nunua vikinga masikio vile vya kufunika kama hedifoni, na kijana wako mnunulie vyake. Pamba haizuii kitu. Vijana wangu wawili mashineni hawaingii bila kuvaa, hilo silijadili nao.

Mume wa Mwalimu:

Nashukuru umeruhusu malalamiko. Mke wangu ni mwalimu, umri wa miaka 47, usikivu umepungua sana miaka mitatu hii. Nampenda. Lakini nimechoka kurudia kila kitu mara nne. Nikipaza sauti ananiambia namfokea, nikinyamaza ananiambia namtenga. Juzi nilimwambia "basi achana nayo, si muhimu" akalia. Sijui nifanye nini, naomba msinihukumu.

Msagaji Chang'ombe:

Hakuna wa kukuhukumu, ndugu yangu. Mke wangu alipita humo humo, na ilibidi tukae chini tufundishane upya kuongea, watu tuliooana tangu 1995. Nitakuandikia kwa kirefu maana hapa ndipo penyewe.

"Achana nayo, si muhimu" ndilo neno linalouma kuliko yote. Hata kama ulikuwa unasema kuku ameingia ndani. Kwetu linamaanisha mlango umefungwa na sisi tuko nje. Ukichoka, sema "nimechoka, nitakueleza baada ya kula", halafu umweleze kweli.

Kupaza sauti hakusaidii na nitakuambia sababu. Ukipiga kelele, unachokiongeza ni irabu, ambazo tayari anazisikia. S na t hazipaziki. Tena uso unakunjamana, mdomo unapanuka, na yeye alikuwa anausoma huo mdomo. Ongea sauti yako ya kawaida, taratibu kidogo, karibu. Ukaribu una nguvu ya ajabu: mwite kutoka jikoni akiwa sebuleni hutapata kitu, sogea hatua mbili kutoka kwake na sauti ile ile inatosha.

Kwanza mwite jina au mguse, ngoja akutazame, ndipo uanze. Sentensi ikianza kabla hajakutazama, ile "ha" ya mwanzo imeshapotea na jibu linakuwa kinyume. Mpwa wangu siku hizi hasemi "hatakuja" peke yake. Anasema "hapana mjomba, hatakuja" na kichwa kinatikisika. Kama ni simu, anatuma ujumbe unaoanza na NDIYO au HAPANA kwa herufi kubwa. Tangu aanze hivyo hatujakosana hata mara moja.

Akikosa, usirudie neno lile lile mara nne. Badilisha. Kama "sita" haikuingia, onyesha vidole, au sema "tano ongeza moja". Kama "shati" halikuingia, sema "nguo yako ya juu, ile nyeupe". Na namba, tarehe, majina ya watu na mahali, andika tu. Sisi nyumbani tuna daftari mezani.

Usiuamini mdomo peke yake pia. Watu wanafikiri tunasoma midomo kama gazeti. Simama mbele ya kioo useme mama, halafu baba, bila sauti. Midomo inafanya kitu kimoja. Mimi na bibi, vile vile. Sauti nyingi zinatengenezwa huko ndani kwenye ulimi na koo, hazionekani. Kwa hiyo mpe mada kwanza: "naongelea ada ya mtoto", kisha endelea. Akijua mko kwenye ada, hatasikia adha.

Mwanga uangukie uso wako, si wake. Ukisimama mlangoni na jua mgongoni wewe ni kivuli tu. Zima televisheni mnapoongea. Ukitafuna, subiri umeze. Umeme ukikatika usiku, washa tochi ya simu uimulike usoni kwako, ndivyo tunavyofanya sisi.

Na yeye ana wajibu wake, asikuachie mzigo wote. Akikosa asiseme "nini?" peke yake, maana hapo utarudia yote. Arudishe alichokipata: "umesema tukutane Majengo, saa ngapi?" Unajaza hicho kimoja tu. Na asiitikie kama hajasikia. Wewe mwambie wazi kwamba unapendelea kurudia kuliko kudanganywa. Mimi mke wangu aliniambia hivyo na ndipo nilipoanza kuacha.

Shuleni kwake awaambie wanafunzi. Watoto wakielezwa vizuri wana huruma sana. Wanyooshe mkono, anayejibu asimame. Mwalimu mkuu naye aambiwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa hali hiyo.

Jambo moja zaidi. Jioni mwache apumzike nusu saa kimya. Ametumia kichwa chake chote kutwa nzima kuunganisha vipande vya maneno. Siyo kwamba amekununia.

Mume wa Mwalimu:

Nimesoma mara mbili. Nimejaribu ile ya kioo, mama na baba. Kweli kabisa. Nilikuwa nafikiri ananitazama mdomo na bado anajifanya hajui. Nitampa simu asome mwenyewe.

Bajaji ya Area C:

Mkuu samahani, kwani usinunue vile vifaa vya sikioni yakaisha?

Msagaji Chang'ombe:

Ninavyo kijana wangu, viwili, nimevivaa sasa hivi. Niliweka akiba misimu miwili ya zabibu. Wataalamu wengine wanaviita shime sikio. Vimenisaidia sana na sitavivua, ila mtu asikuambie vinafanya kazi kama miwani.

Kifaa kinaongeza sauti, na kinaziongeza nyingi kwa pamoja. Siku ya kwanza niliposhika mfuko wa nailoni nilidhani kuna moto unawaka. Maji ya bomba, kijiko kwenye bakuli, kandambili zangu mwenyewe sakafuni, vyote vilinishambulia. Wengi huvua hapo na kuviweka kabatini. Ubongo umekaa miaka bila sauti hizo na unahitaji wiki, hata miezi, kujifunza tena ipi ya kuisikiliza na ipi ya kuiacha. Nilianza saa mbili kwa siku ndani ya nyumba, mtu mmoja tu ananisomea gazeti. Baadaye watu wawili. Sokoni nilienda mwezi wa pili. Na lazima virekebishwe na mtaalamu kulingana na mchoro wako. Vile vya barabarani vya kununua na kuvaa tu vinaweza kukupigia kelele mahali usipozihitaji.

Betri zangu ni namba 13, zenye karatasi ya rangi ya machungwa. Zinatumia hewa. Ukibandua karatasi zinaanza kuisha hata ukiirudishia, na ukishabandua subiri dakika moja hivi kabla ya kufunga. Zangu zinakaa kama siku kumi. Vumbi letu la Dodoma na jasho ndiyo maadui. Navifuta kwa kitambaa kikavu kila jioni na kuvilaza kwenye kopo lenye vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Mashineni sivai kabisa, navaa vikinga. Kikipiga mluzi, mara nyingi hakijakaa vizuri sikioni au kuna nta.

Muziki bado haujakaa sawa. Baba yangu alikuwa mpiga zeze, na nilitamani nisikie nyuzi zile kama zamani. Nasikia kitu, lakini kama kupitia bati. Muheme, ile ngoma ya kina mama wa Kigogo, naupata vizuri kwa sababu ngoma inaingia kifuani, haihitaji sikio. Kwenye arusi ya kijijini mwaka jana kina mama walipoanza nilivua vifaa nikaweka mfukoni, nikasimama karibu nao.

Mikono Inaongea:

Nimefuatilia kimya, sasa naomba nafasi. Mimi ni kiziwi tangu nina miaka mitatu, nilisoma shule ya viziwi, natumia Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT). Kwanza asante kwa kuandika neno kiziwi bila kuliogopa. Ila msituite bubu. Sauti ninayo, na lugha ninayo.

Jambo linalonisumbua kwenye mazungumzo kama haya ni kwamba alama hutajwa kama kitu cha mwisho, yaani ukishindwa kila kitu ndiyo uende huko. LAT ni lugha kamili, ina sarufi yake, si Kiswahili kilichowekwa mikononi. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianza Tabora mwaka 1963, na tangu hapo vizazi vimekua, vimeoana na kulea watoto kwa lugha hiyo. Mzee wangu Msagaji, hata wewe mwenye masikio nusu zingekusaidia. Alama ishirini tu za nyumbani: namba, siku, njoo, subiri, imelipwa, bado. Sita na tisa mkononi unaziona kwa macho, hutegemei sikio. Ulizeni CHAVITA, chama chetu, watawaelekeza kwa walimu.

Mama Kijacho Ihumwa:

Jamani mimi nina swali na linanitisha. Mwanangu wa kwanza ana mwaka mmoja na miezi kumi. Nikimwita hageuki. Lakini mlango ukijibamiza anageuka, kwa hiyo baba yake anasema anasikia, ni mtundu tu. Hajasema hata mama.

Nesi wa Zamu:

Dada, mpeleke wiki hii. Mlango ukijibamiza mtoto anahisi mtikisiko sakafuni na upepo usoni, hicho si kipimo. Mwombe daktari wa masikio, pua na koo, na sema maneno haya haya uliyotuandikia. Umri huu ndio ubongo wake unajenga lugha, kila mwezi una thamani. Kuna watoto wanaosaidiwa na vifaa, na tangu 2017 Muhimbili wanafanya upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio kwa wanaofaa. Huenda ni majimaji tu nyuma ya ngoma ya sikio. Tutajua akipimwa.

Mikono Inaongea:

Na ukiwa unasubiri majibu, usikae kimya naye. Piga goti awe sawa na uso wako. Onyesha kikombe, fanya ishara ya kunywa, mpe maji. Kila mara ile ile. Hata akija kusikia hutakuwa umepoteza kitu. Mimi mama yangu alianza nikiwa na miaka minane, na ile miaka mitano ya katikati sina kumbukumbu ya mtu yeyote kunieleza chochote. Nilikuwa naona watu wanalia sijui nani amekufa.

Mama Kijacho Ihumwa:

Nimelia. Jumatatu tunaenda, nimeshamwonyesha baba yake ujumbe huu. Ameomba ruhusa kazini.

Msagaji Chang'ombe:

Tunawaombea. Rudi utuambie.

Mikono, nimekubali ushauri. Mke wangu naye amesoma na amesema tutajifunza wote wawili. Naomba unielekeze kwa ujumbe wa pembeni ni wapi pa kuanzia.

Fundi Geti Nkuhungu:

Nimenunua vikinga leo, jozi mbili. Mkuu, nina gunia la mahindi nataka nilete kukoboa Jumamosi na tuonane uso kwa uso. Uko upande gani pale Chang'ombe?

Msagaji Chang'ombe:

Karibu sana fundi. Utaniona kwa kile kibao mlangoni. Usiniite kutoka nje, mashine itakuwa inaunguruma. Ingia mpaka ndani, niguse bega la kushoto, kisha tutatoka wote nyuma kwenye mwarobaini ambako kumetulia. Na niandikie hapa hapa ni saa ngapi, kwa tarakimu.

Fundi Geti Nkuhungu:

Saa 3 asubuhi. NDIYO, nitakuja.